Alama Moja Tunabaki Nayo

Ninauza mayai. Kibanda changu kiko Voi, upande wa chini wa soko, na mvua ikinyesha ghafla kabla sijavuta turubai, trei hulowa. Trei ya mayai iliyolowa ina harufu yake: ya karatasi, ya vumbi lililoamka, na kwa mbali ya kuku. Wateja hawaisikii. Mimi huisikia, na kila mara hunirudisha kwenye chumba kimoja kidogo ambacho kuta zake zilibandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Nimesimama katikati ya chumba, kamba ya kiatu imefunguka, nikingoja mtu mzima aliyefunika masikio aniulize nimekuja kufanya nini.

Chumba hicho kilikuwa cha redio, na zile trei zilikuwa za kuzuia mwangwi. Si redio kubwa za nchi nzima. Ni redio yetu ya hapa hapa, ambayo ukiwa vilimani ilishika vizuri na ukiteremka kuelekea Maungu ilianza kukwaruza.

Nililelewa na nyanya, mama wa mama yangu, chini ya kilima cha Ndara. Wenzangu wa rika langu mliolelewa hivyo mnaujua ukimya wa nyumba ya namna hiyo. Nyanya hakuwa mtu wa maneno. Aliweza kupalilia kunde tangu asubuhi mpaka jua likae utosini bila kusema lolote ila "Sogea" au "Leta maji." Jirani alikuwa mbali, na ukitaka kumwita ilibidi upande juu ya kichuguu. Shuleni nilikuwa na sauti ndogo. Mwalimu akiniuliza swali nilitikisa kichwa, hata kama swali lilikuwa la hesabu. Kwa hiyo sauti nyingi nilizosikia kwa siku zilitoka kwenye redio ya nyanya, iliyokaa dirishani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke.

Asubuhi kulikuwa na kipindi cha wakulima. Afisa alieleza habari za viwavi na namna ya kukausha pojo, na nyanya alimjibu hapo hapo kama wamekaa pamoja: "Njoo uzikaushe wewe, na hawa kwale wanavyozila ukiwaona." Baadaye zilikuja habari za mtaa. Lori la maji litafika wapi, chifu ana baraza siku gani, daraja lipi limechukuliwa na maji. Na jua likianza kulegea kulikuwa na ndovu. Mtangazaji alisema wameonekana mahali fulani wakitoka mbugani, kina mama wasiende kutafuta kuni upande ule. Hapo alipunguza sauti. Nilidhani anaipunguza ili ndovu wasisikie kwamba tumeshajua walipo, na mimi pia nilikuwa nanyamaza kabisa, kijiko mkononi, nisije nikaharibu mpango.

Mtangazaji huyo aliitwa Mwadime. Nilimjua kwa kikohozi. Alikohoa kidogo kabla ya kila tangazo, kama mtu anayebisha hodi, na nilianza kumjibu "karibu" kimoyomoyo. Sijui kama mtu mwingine yeyote alifanya hivyo. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba ni mgeni wetu, tena mgeni pekee anayekuja kila siku.

Kipindi chake kikubwa kilikuwa cha jioni, cha mifugo waliopotea na waliopatikana. "Amepotea ng'ombe dume, mwekundu, pembe ya kushoto imeinama." "Wamepatikana mbuzi, wako kwa mzee wa mtaa." Kwa mnyama aliyepotea alitaja kila kitu. Lakini kwa aliyepatikana alitaja rangi, alitaja masikio, kisha akakohoa na kusema maneno ambayo watoto wote wa kwetu waliyajua: "Alama moja tunabaki nayo. Mwenyewe ataitaja."

Maana yake niliielewa siku ile mbuzi wa kigeni alipoingia kwetu. Nyanya alimkuta amelala na mbuzi wetu, ametulia kama mwenyeji. Akamkagua kwanza, kuanzia meno mpaka kwato, kisha akanichukua tukaenda mjini kutangaza. Mimi niliachwa nje, chini ya ngazi za jengo, karibu na kinu cha kusaga mahindi, lakini nilimwona nyanya akipanda na nilijua mlango ni upi. Kesho yake watu wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa kijana wa pikipiki. Hata hakuzima injini. "Nyanya, nimekuja kumchukua mbuzi wangu."

"Karibu. Ana alama gani?"

"Si ni mweupe? Ana doa tumboni. Mmesema wenyewe redioni."

"Tuliyosema tumesema. Na tusiyoisema?"

Kijana akamwangalia mbuzi, mbuzi akamwangalia yeye. "Ana... ana mkia."

Nyanya akacheka mpaka akashika kiuno. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo. "Basi hata mimi ni mbuzi wako, mwanangu, maana uzee huu wote lazima kuna mkia mahali. Nenda salama."

Akaja mwingine, akakisia, akakosa, akaondoka akinung'unika. Mwishowe akaja mzee mmoja kutoka mbali, viatu vimejaa vumbi. Hakumtazama hata mbuzi. Alisema, "Mama, salamu kwa watu wa nyumba hii. Jino la chini, la katikati, limekatika nusu. Alinitafunia sufuria." Nyanya akainuka, akafungua kamba, akamkabidhi bila neno lingine. Yule mbuzi alimfuata mzee kama mtoto anayetoka shule. Nilisimama uani nikiwatazama mpaka wakapotea nyuma ya mibono.

Sasa niseme habari ya mama.

Mama alinileta kwa nyanya siku ya mawingu. Alinivalisha gauni jipya, akanifunga leso yake mabegani kwa sababu ya baridi, akaniambia, "Kaa na nyanya. Usimsumbue." Kisha akashika njia. Hakugeuka, na mimi nilifikiri hakugeuka kwa sababu ana haraka ya kwenda ili arudi. Nilikaa kizingitini. Nyanya akaniletea uji hapo hapo, wala hakuniambia niingie.

Siku zilipita, zikawa nyingi. Nikiuliza, nyanya alisema, "Yuko kazini."

"Kazini wapi, nyanya?"

"Kazini."

Nilianza kumsahau vipande vipande. Uso ulibaki, lakini sauti ilianza kunitoka. Nilijaribu kuishika nikiwa nimelala, nikaona kila mara inakuja ikiwa imechanganyika na ya yule dada anayesoma habari za mtaa. Mwishowe mama wa kichwani mwangu akawa anaongea kama redio, maneno yamenyooka, hana mafua, hana hasira.

Baada ya yule mbuzi, mawazo yangu yakapata njia. Niliona hivi: mama amenipoteza. Sikuona kwamba ni kosa la mtu. Mbuzi hupotea, na si kwamba mwenyewe hampendi. Anageuka kidogo, mbuzi hayupo. Basi mama naye yuko mahali anauliza uliza. Kilichobaki ni atangaze. Kwa hiyo kila jioni nilisogea karibu na dirisha nikasikiliza waliopotea. Nilijua atakavyosema Mwadime. "Amepotea mtoto wa kike, mweusi, mwembamba, hazungumzi sana." Nilijiandaa hata kwa kumwambia nyanya kwa utaratibu, asishtuke.

Walitangazwa ng'ombe. Walitangazwa punda, kitambulisho kilichoanguka stendi, njiwa wa mtu. Mimi sikutangazwa. Na ndipo nikakumbuka kwamba kuna njia ya pili. Mwenye mali asipotangaza, aliyeokota hutangaza.

Ilikuwa likizo, siku ya soko. Nyanya alitandika gunia lake Voi, akapanga mafungu ya kunde na maboga, nami kazi yangu ilikuwa kufukuza nzi kwa tawi. Alipoanza kubishana na mteja juu ya fungu, nikaweka tawi chini polepole, nikaenda.

Kinu kilikuwa kinanguruma, unga unaruka mpaka barabarani. Nilipanda zile ngazi nikishika ukuta. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani ndipo nilipoona zile trei, kuta nzima, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba Mwadime anafuga kuku, na kwamba pengine wako mahali wanatotoa. Harufu ya unyevu ilikuwa nzito, maana dari lilikuwa linavuja. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, ana kipara, amevaa malapa. Sauti kubwa vile, nikashangaa inakaa wapi. Aliweka wimbo, akavua vile vitu masikioni.

"Ee, mjukuu. Umetumwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Umepotea?"

Hapo nikakwama. Swali lilikuwa zuri kupita nilivyotarajia, lakini halikuwa sawasawa na nilivyopanga. Nikasema, "Nimekuja kutangaza. Nimepata."

"Umepata nini? Kuku?"

"Mtoto."

Akaondoka kitini. "Mtoto! Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Alinitazama kuanzia kiatu mpaka kichwa. Siku za soko watoto hupotea kweli, na mara nyingi huletwa redioni, kwa hiyo nadhani aliniweka kwenye fungu hilo, la watoto walioachia mkono wa mama penye vitunguu na viazi. Akainama mpaka nyuso zetu zikawa sawa.

"Haya. Mama yako anaitwa nani?"

"Siwezi kusema."

"Hulijui jina?"

"Nalijua. Nikilisema, mtu yeyote atakuja aseme ni yeye."

Akaanza kucheka, kisha akaacha. Akakaa tena. Alichukua muda kukohoa, na nilikaribia kusema "karibu" kwa sauti.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Wewe."

Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Akanivutia kigoda, akaniketisha upande wa pili wa meza, akauliza haraka haraka umri wangu na gauni langu na meno yangu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kuwauliza wazee wenye ng'ombe, "Na alama tutakayobaki nayo?"

Nilikuwa nimeichagua kitambo. Nikavua kiatu nikamwonyesha chini ya wayo, pale nilipokatwa na chupa tukivuna kunde. Lilikuwa kovu kubwa, jeupe, na nililipenda. Nilijua mtu mwingine yeyote hawezi kulikisia. Sikufikiri hata kidogo kwamba chupa ile ilinikata nikiwa tayari naishi kwa nyanya, na kwamba mama naye ni mtu mwingine yeyote.

Mwadime akaivaa sauti yake. "Wasikilizaji, leo si mbuzi. Leo amepatikana mtoto wa kike, wa makamo ya kuanza shule, gauni la kijani, pengo mbele, ana adabu na maneno yake ni machache. Yuko hapa studio, amekaa vizuri. Jina la mama analo lakini halitoi. Alama moja tunabaki nayo. Mwenyewe ataitaja."

Simu ikalia kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Alikuwa mwanamume, amejaa kicheko. "Mwadime, huyo mtoto anajua kuchota maji? Kama anajua, ni wangu. Alama yake ni mtungi."

"Kaa na mitungi yako, mzee."

Akapiga mama mmoja, anapiga kelele kana kwamba redio iko ng'ambo ya mto. "Huyo si mjukuu wa mama wa kunde? Nyanyake yuko hapa sokoni anageuza magunia, anamtafuta! Mwoneeni huruma mama wa watu!"

"Asante, mama. Mfikishie habari kwamba yuko hapa."

Nilivunjika moyo kidogo. Nyanya hakuwa mwenye mali. Nyanya ndiye aliyeokota. Nilitaka kumwelezea Mwadime hivyo, lakini simu ililia mara ya tatu.

Hii ilianza kwa kimya. Nyuma ya kimya kulikuwa na mashine inayolia, mlio mrefu wa kusaga, si kama wa kinu cha chini. Kisha mwanamke akasema, sauti chini kabisa, "Hallo."

"Hallo mama. Unaitwa nani na unapiga kutoka wapi?"

"Wacha tu. Huyo mtoto. Ana alama mgongoni. Katikati ya mabega. Nyeusi, ndogo kama punje ya pojo."

Mwadime akanigeukia, nyusi juu. Nilimtazama. Nilijichunguza mwili mzima kwa mawazo, mikono, magoti, tumbo. Sikuwa na kitu kama hicho. Na sauti ile haikuwa ya mama. Ilikwaruza, ilikuwa na mafua, ilikuwa ya mtu aliyejificha nyuma ya kitu. Nilitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilisema kwa nguvu, mpaka kipaza sauti kikanasa, "Si hiyo."

Mwadime alisita. Nadhani alisikia kitu ambacho mimi sikukisikia. "Mama, mtoto anasema si hiyo. Jaribu tena. Fikiri vizuri, hatuna haraka."

Mashine ikalia, ikalia. "Amesema si hiyo?"

"Amesema."

"Haya," mwanamke akasema. "Basi nimekosea." Simu ikakatika.

Nyanya alifika akiwa amebeba gunia lote mgongoni, kunde zinamwagika ngazini. Nilitegemea fimbo. Hakunigusa. Alisimama mlangoni akihema, akamwambia Mwadime, "Samahani, baba. Huyu hajapotea. Ana kwao." Kisha akanitazama mimi. "Nani amekuambia umepotea?"

Mwadime akamsaidia kuokota kunde, wote wawili wamechuchumaa, na nikaona anamnong'oneza kitu. Nyanya aliacha kuokota. "Mgongoni?" akauliza. Akajibiwa. Akafunga gunia lake polepole, akalifunga mara ya pili ingawa lilikuwa limeshafungwa.

Tulipofika nyumbani aliteka maji, akaweka karai uani, akaniambia nivue. Nilikuwa na umri wa kujiogesha, tena najiogesha tangu zamani, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Alinisugua mikono, akanisugua shingo, akafika mgongoni. Hapo mkono ukasimama. Maji yalikuwa yanapoa.

"Nyanya, kuna nini hapo?"

"Hakuna."

"Kuna nini?"

Akachukua kidole changu, akanipindulia mkono nyuma mpaka ukauma, akakiweka mahali. Niligusa kitu kidogo, laini, kimeinuka. Kama punje ya pojo.

"Umezaliwa nayo," nyanya akasema. "Mtu haoni mgongo wake."

Nilikaa ndani ya karai mpaka meno yakagongana. Nilikuwa nimeuliza dunia nzima swali moja, na mama peke yake akajibu sawasawa, na mimi nikamfukuza. Nililia kwa namna ambayo nyanya aliogopa. Akanifunga leso, akanipakata, jambo ambalo hakulifanya hata nilipokuwa na homa, na ndipo maneno yakamtoka, machache machache, kama mtu anayechambua mchele.

Mama yuko Mwatate. Ameolewa huko, na mume wake anafanya kazi kwenye mkonge. Ile mashine niliyoisikia ni ya kusaga majani ya mkonge. Watu wa mume hawakuambiwa kwamba aliwahi kuzaa. "Angefanya nini, na la kufanya halikuwepo?" nyanya akauliza, wala hakuwa akiniuliza mimi. "Nikamwambia lete mtoto. Mtoto halali njaa kwangu."

"Mwatate ni mbali?"

Nyanya alinikaza leso mabegani. "Si mbali."

Leo najua si mbali. Nikitaka mayai ya bei nzuri huwa nakwenda Mwatate na kurudi kabla chai haijapoa kwenye chupa. Lakini siku ile niliposikia "si mbali" nilijaribu kuifikiria njia, nikashindwa. Kama angekuwa nchi nyingine ningeielewa.

Nyanya alimpigia mama simu. Alikwenda kusimama nyuma ya zizi, akaongea Kidawida, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, na mimi nilisikia tu mwisho: "Njoo hata kama ni mara moja. Mtoto amekuita redioni, wewe umekaa."

Alikuja Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Nilimwona akipanda njia na sikukimbia. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa viatu vya mjini ambavyo vilimsumbua kwenye mawe. Alileta mkate, mafuta ya kupikia na kitambaa cha gauni. Nyanya alipokea vitu, akampa kiti, kisha akakumbuka kwamba ana kazi shambani, ingawa ilikuwa Jumapili na yeye Jumapili hakushika jembe.

Tukabaki wawili. Kuku walipita katikati yetu.

"Umekuwa mrefu," akasema.

Nikaitika kwa kichwa.

"Unasoma vizuri?"

Nikaitika tena.

"Hata mimi nilikuwa hivyo," akasema, "maneno yalikuwa hayatoki." Akanyoosha mkono. Nilisogea. Akanigeuza taratibu, akafungua kifungo cha juu cha gauni, na nikahisi kidole chake pale pale, katikati ya mabega, bila kutafuta. Alikiacha hapo. Sikumwona uso. Sauti yake sasa, karibu na sikio, bila mashine, ilikuwa ni yake, na nilishangaa niliwezaje kuipoteza. "Umesema si hiyo," akasema, na akajaribu kucheka. "Mbele ya watu wote."

"Nilikuwa siioni."

"Najua. Najua, mama yangu."

Nilikuwa nimeandaa swali tangu siku ile ya karai, na nilijua nisipolisema akiwa nyuma yangu sitalisema kabisa. Nikasema, "Mbona hukutangaza?"

"Kutangaza nini?"

"Kwamba umenipoteza. Nilikuwa nasikiliza kila siku."

Kidole kikaondoka. Akafunga kile kifungo, akanigeuza, akashika mikono yangu miwili. Alikuwa na macho mekundu, lakini alitabasamu, kwa sababu alidhani amepata neno la kunituliza. Mpaka leo sina hasira naye kwa neno hilo. Lilikuwa la kweli, na alilitoa kama mtu anayempa mtoto kitu kitamu.

"Mimi sikukupoteza, mwanangu," akasema. "Siku zote nilijua uko wapi."

Alikaa mpaka jua likaanza kuinama, kisha akasema lazima awahi, mume atauliza. Nyanya akamsindikiza mpaka njiapanda. Mimi nilibaki kizingitini, maana sasa nilijua. Nilikuwa nimeishi kwa kumwonea huruma, nikimfikiria anatangatanga, anauliza watu, hajui aanzie wapi. Aliyepotea hutafutwa. Lakini mimi sikuwa nimepotea. Mahali nilipo palijulikana, njia ilijulikana, na haikuwa mbali.